Re: Tope linaruka kwenye maungio ya barabara ya zege

Mkuu, unauliza kama kifusi chenye CBR 80 chini ya zege kingezuia tope kuruka kwenye maungio lori likipita. CBR (California Bearing Ratio) inapima uwezo wa tabaka kubeba mzigo, haisemi kama tabaka litahimili kuoshwa na maji. Kwenye majaribio ya barabara ya AASHO, chama cha maofisa wa barabara kuu wa majimbo ya Marekani, kule Illinois, Marekani, 1958 hadi 1960, mabamba mengi ya zege yaliharibika hivyo hivyo, na chini yake kulikuwa na mchanga na changarawe.

Tairi likivuka ungio, bamba la mbele linabonyea ghafla na kusukuma maji nyuma kwa kasi, yakibeba vumbi la msingi. Chini ya bamba la mbele panabaki uwazi, la nyuma linainuka kidogo, ndiyo ile ngazi unayoisikia ukiendesha. Baadaye kona zinakatika.

Mimi chini ya mabamba ningeweka zege dhaifu (lenye saruji kidogo kuliko zege la kawaida), au kokoto iliyochanganywa saruji ya kutosha. Kokoto yenye saruji kiduchu ni kujidanganya, uso wake unasagika. Kama bajeti inalazimisha kokoto tupu, punguza sana chembe zinazopita chekeche ya milimita 0.075, na maji yapate njia ya kutokea pembeni. Nondo za kuunganisha mabamba usizikwepe kwenye njia ya malori. Kuziba maungio kunasaidia, ila mpira wa kuzibia hauchelewi kuachia.