Medali ya silva gredi 70: nalipia nini hasa?

SWALI: Shikamoo mzee wa sarafu. Mie nipo Columbus, Ohio, nafanya kazi ghalani, na kuna mtu mzima mmoja wa hapa kazini anakusanya sarafu ndo kaniambukiza huu ugonjwa. Anataka kuniuzia ile medali ya silva ya 2024 yenye mwanamke wa nywele za kutimka, anazo mbili, moja imeandikwa 70 nyengine 69, zote zimefungwa kwenye plastiki ngumu, na tofauti ya bei inatosha kulipia bima ya gari. Nimezigeuza geuza sioni tofauti hata chembe. Nichukue ipi? Na siku nikikwama naweza kuitumia dukani kama dola?
Msomaji, Columbus

JIBU: Marahaba mwanangu. La dukani jepesi, haiendi. Medali haina thamani ya pesa juu yake, hata kama imetoka kwenye kiwanda kile kile cha serikali ya Marekani kinachopiga sarafu za dola. Ile sura ndo ya dola ya kwanza kabisa ya silva ya Marekani, ya 1794, zilitoka 1,758 tu pale Philadelphia, na moja wapo iliuzwa mnadani Januari 2013 kwa zaidi ya dola milioni 10, sasa huyo mtu wako akianza kukupigia hesabu za milioni 10 mkatize hapo hapo, maana anayokuuzia wewe ni ya kumbukumbu ya miaka 230, kikomo cha kupigwa kwake 75,000, aunsi moja ya silva safi (999 kwa 1,000) basi.

Haya, gredi. Hizi namba za 1 mpaka 70 alizileta Mmarekani mmoja mtaalamu wa sarafu, William Sheldon, mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za zamani, zile zimepita mikononi mwa watu, zimedondoka, zimesuguka mfukoni, kwa hiyo kati ya 12 na 45 kuna tofauti unayoiona kabisa kwa macho. Miaka ya 80 zikaja kampuni za kupima sarafu kama PCGS na NGC zikachukua kipimo hicho hicho na kufunga sarafu kwenye plastiki yenye lebo na namba yake. Sasa medali mpya hata haijashikwa na mtu, imetoka mashineni ikaingia kwenye kasha, unategemea ipate ngapi? Ndo maana 69 na 70 zimejaa sokoni. 70 maana yake aliyekagua na lenzi ya kukuza mara 5 hakuona dosari, 69 kaona kijidosari mahali, pengine kikwaruzo kwenye shavu ambacho wewe na mimi tutakitafuta mpaka magharibi. Silva ni ile ile, uzito ule ule.

Kwa hiyo mimi ningechukua 69, na kama angekuwa nayo moja kwenye boksi lake la kiwandani bila gredi yoyote ningechukua hiyo. Anayenunua 70 ili auze tena kwa mwenye wazimu wa 70, sawa, ila huyo ni mfanyabiashara na wewe umeniambia unakusanya.

Kabla hujatoa hela ishike chini ya taa uiinamishe taratibu, angalia sehemu tupu pembeni ya uso kama kuna madoa meupe kama ya maziwa, hayo hutokea kwenye silva mpya hata ikiwa ndani ya plastiki, na 70 yenye madoa inabaki 70 kwenye lebo tu. Halafu chukua ile namba ya lebo uiingize kwenye tovuti ya kampuni uone kama inalingana, maana hata plastiki zenyewe zinafojiwa siku hizi. Na lebo zinazodai eti ni za toleo la mwanzo mwanzo usizilipie hata senti, maana yake ni kwamba zilifika kwa wapimaji ndani ya muda fulani baada ya kuanza kuuzwa, sio kwamba zilipigwa mwanzo.

SWALI: Mzee, bibi kaniachia riale ya 1780 ya yule mama mnene wa Austria. Niitume ikapewe gredi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Pole kwa msiba. Usiitume bado. Huyo mama ni Maria Theresa, mtawala wa Austria, alifariki 1780 na tarehe ikabaki hiyo hiyo, zikaendelea kupigwa Vienna, London, Bombay na kwengine kwa sababu wafanyabiashara wa Arabuni na pwani yetu walikuwa wanaiamini sura hiyo, na Vienna wanapiga mpaka leo. Ya kawaida ina thamani karibu na silva yake, kwa hiyo gharama ya kupima na kusafirisha inaweza kuizidi. Ipime kwa mzani wa sonara, iwe gramu 28 na kidogo, kisha angalia ukingoni pawe na maandishi IUSTITIA ET CLEMENTIA. Usiisugue na majivu wala limau wala dawa ya meno, weusi wake uache. Ila ukikuta maandishi ya Kiarabu na mwaka 1299 wa Hijria hiyo sio ya Austria, itakuwa riale ya Sultan Barghash wa Zanzibar, na hiyo usimuuzie mtu kabla hujanitumia picha za pande zote mbili.