Sculp. sio ukoo wa mtu

SWALI: Shikamoo kaka mhariri. Mi nipo Tabata, marehemu babu alituachia picha moja ya zamani kwenye fremu, bandari na meli za matanga, nyeusi na nyeupe tu, karatasi imeshaota madoa ya kahawia. Chini kuna viandishi vidogo mpaka uvae miwani, kushoto jina la mtu afu "del.", kulia jina lingine afu "sculp.", katikati jina la tatu na "exc.". Binamu yangu kakomaa kwamba Sculp ndo ukoo wa msanii, nikamgugo huyo Bwana Sculp nikakuta picha za zamani kibao za Ulaya yumo! Sasa aliyechora hii ni nani, na hao watatu walikuwa wanagombania nini?

JIBU: Marahaba dada. Nimecheka, lakini binamu yako msimzomee, wengi wameshaingia mkenge huo huo. Hayo sio majina, ni vitenzi vya Kilatini vimekatwa mkia. "Sculp." au "sc." ni sculpsit, yaani alichonga. Na kizuri ni kwamba Kilatini hapo kinaenda kama Kiswahili, mtu na wakati na kitendo vyote vimo ndani ya neno moja, a-li-chonga, na kama ilivyo kwetu halikwambii ni mwanamke au mwanamume, kwa hiyo usikimbilie kusema "huyu baba". Kule Roma mwaka 1575 mchongaji mwanamke, Diana wa Mantua, alipewa na Papa mwenyewe haki ya kulinda kazi zake.

Alichonga nini sasa? Picha za aina hiyo mara nyingi ni za bamba la shaba. Fundi anashika kipatasi chembamba cha chuma anachimba mistari kwenye bamba, tena kinyumenyume, kulia iwe kushoto, ili ikichapwa ikae sawa. Wino unapakwa bamba zima, juu unafutwa, unaobaki ni ule uliozama kwenye mistari, halafu karatasi iliyoloweshwa inalazwa juu na vyote vinapitishwa kwenye rola inabana haswa. Hiyo kazi fundi anaweza kukaa nayo miezi. Ndo maana anaweka jina lake, na mi naona ana haki kabisa.

"Del." ni delineavit, alichora, huyo ndo wa karatasi na penseli kabla bamba halijaguswa. Ukikuta "pinx." ni pinxit, alipaka rangi, maana yake picha ya mwanzo ilikuwa mchoro wa rangi na huyu wa shaba kaifuata. Hapo kuwa makini na umri: Raphael, mchoraji wa Italia, alifariki 1520, lakini picha zenye jina lake na "pinx." ziliendelea kuchongwa miaka mia mbili baadaye. Jina la mchoraji halikupi umri wa karatasi.

Sasa tuje kwenye "exc.", hapo ndo utamu ulipo. Ni excudit. Ukilifuata lenyewe ni kama kugonga au kufua kitu mpaka kitoke, lakini kwenye picha hizi linamtaja mwenye mzigo, aliyetoa hela, anayeshikilia bamba na kuuza nakala. Nenda kafungue kanga yako ya K.H.E., ukingoni imeandikwa "Mali ya Abdulla". Maandishi yale hayakwambii nani alichora maua wala nani alisimama kwenye mashine, yanakwambia mzigo wa nani. Exc. ndo hiyohiyo, mali ya fulani. Na bamba lilikuwa linauzwa kama shamba, mnunuzi mpya anasugua jina la zamani anachonga lake, kwa hiyo picha ileile unaweza kuikuta na exc. mbili tofauti, na wenye kukusanya picha wanaitumia hiyo kujua nakala ipi ilitangulia.

Kwani hayo maandishi yalikuwa kweli siku zote? Wapi! Antwerp, mji ulioko Ubelgiji ya leo, 1557, mchapishaji Hieronymus Cock alitoa picha ya samaki wakubwa wanameza wadogo (hii tunaijua bila kufundishwa). Mchoro ulikuwa wa Pieter Bruegel, mchongaji Pieter van der Heyden, lakini chini pakaandikwa kwamba mbunifu ni Hieronymus Bosch, mchoraji maarufu ambaye alishafariki tangu 1516. Inaonekana jina la marehemu ndo lilikuwa na soko, Bruegel alikuwa bado anatafuta jina. Ukiniuliza mimi, ujanja wa mjini haujaanza Kariakoo.

Cheki pia kama katikati kuna tarehe kamili na maneno ya Kiingereza yanayotaja sheria ya bunge. Ikiwepo, bamba ni la Uingereza kuanzia mwishoni mwa Juni 1735, sheria ilipoanza kumlinda mwenye picha kwa miaka 14 ili mradi aweke jina na tarehe. Aliyeipigania sana ni William Hogarth, mchoraji na mchongaji wa Kiingereza, alichoka kuibiwa, mpaka akazuia picha zake 8 mpya zisitoke kabla sheria haijaanza.

Kuhusu nani kaichora, basi, jibu ni wa kushoto, ila aliyetoka jasho ni wa kulia. Kabla hujaanza kuulizia bei, itoe kwenye fremu taratibu, pitisha kidole pembeni ya picha, ukisikia kama kibonde cha mstatili kimeizunguka, hapo bamba ndo lilipobana karatasi. Halafu chukua lenzi ya kukuzia, ukiona vidotidoti vimejipanga kama picha ya gazeti, hiyo ni nakala ya juzijuzi, del. na sculp. na exc. zote zimepigwa picha humohumo.