Hela ya wavuvi na mabati ya kigango: Padri anajibu maswali yenu

Mwezi huu meseji nyingi zimetoka Kigoma, na karibu zote zinazunguka pale pale, yaani hela ya mtu mwingine iliyoko mfukoni kwangu. Nimechukua tatu. Ya kwanza ilikuwa ndefu, nimeikata kidogo.

*Tumsifu Yesu Kristu Padri. Mimi ni mjane, nina chombo kimoja cha dagaa hapa Kibirizi alichoniachia marehemu mume wangu, nina nahodha na vijana wanne. Makubaliano yetu dagaa wakishauzwa asubuhi tunatoa kwanza hela ya mafuta, inayobaki nusu yangu nusu yao, na ile nusu yao inakatwa mafungu sita, nahodha anachukua mawili na kila kijana moja. Sasa Padri mwaka 2023 na 2024 yote nilikuwa naandika mafuta elfu 60 kwa usiku wakati natumia elfu 36, maana sheli naenda mimi na risiti ninayo mimi. Nikawa najiambia chombo changu, injini ikifa nitahangaika nayo mwenyewe. Kwaresma nilienda mafungo moyo ukanichoma, nimeacha kabisa. Nataka kutoa milioni 3 za mabati ya kigango chetu, kale kakanisa kadogo ka parokia, ili nimalizane na Mungu. Je inatosha? Na lazima niwaambie? Nikiwaambia mwalo mzima, pale vyombo vinapotua, utajua kabla dagaa hawajageuzwa kwenye chanja. Halafu kijana mmoja alishafariki, na mwingine alirudi kwao Kongo namba haipatikani.*
*Mama mwenye chombo, Kibirizi*

Milele amina mama yangu. Haitoshi, na paroko wako hatanipenda kwa jibu hili maana sisi mapadri tunapenda mabati.

Tuanze na hesabu kwanza, teolojia itafuata. Ulizidisha elfu 24 kila usiku. Nusu ya hiyo ingekuja kwako hata hivyo, kwahiyo ulichochukua cha wenzako ni elfu 12 kwa usiku, mafungu sita ya elfu mbili mbili, nahodha elfu nne. Mwezi ukiwa mkubwa hamwendi ziwani maana taa hazivuti dagaa, tuseme basi usiku 20 kwa mwezi, na mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, toa miezi mitatu kwenye 24, inabaki 21. Kila kijana unamdai, samahani, anakudai wewe, kama laki 8 na elfu 40, na nahodha milioni 1 na laki 6 na elfu 80. Jumla inagonga milioni 5 na kidogo. Daftari lako litatoa hesabu nzuri kuliko hii yangu, lakini unaona mwenyewe kwamba milioni 3 za mabati hata kwa namba hazifiki, na hata zingefika zimeenda kwa mtu asiyedai.

Ndo kiini chenyewe hapo. Mtakatifu Thoma wa Akwino, mwalimu mkubwa wa teolojia wa karne ya 13, akifuata wanasheria wa Kirumi, anasema haki ni ile nia thabiti isiyokoma ya kumpa kila mtu kilicho chake. Kila mtu, yaani huyu na yule, mwenye jina. Upendo unaweza kuchagua pa kuelekea, leo kigango kesho yatima, hakuna wa kukuuliza. Deni halichagui, lina mwenyewe na mwenyewe anajulikana. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, kwenye hati ya utume wa walei ya mwaka 1965 namba 8, ulisema wazi kwamba madai ya haki yatimizwe kwanza, na kitu ambacho tayari mtu anastahili kwa haki kisitolewe kama vile ni zawadi ya upendo. Ukisoma Walawi sura ya 6 utakuta mpangilio ule ule: aliyedhulumu anarudisha kitu kamili, anaongeza sehemu ya tano, anampa mwenyewe, halafu ndo anampeleka kondoo wake kwa kuhani. Wewe unataka kuanza na kondoo.

Najua utaniletea Zakayo, yule mtoza ushuru wa Injili ya Luka, kila mtu ananiletea Zakayo, kwamba alisema atarudisha mara nne. Mara nne ilikuwa adhabu ya mwizi wa kondoo kwenye kitabu cha Kutoka 22, Zakayo akajihukumu mwenyewe kwa kipimo kile kwa furaha ya kutembelewa na Bwana. Thoma anafundisha kwamba kabla ya hukumu ya hakimu kinachokulazimu dhamirini ni kurudisha kiasi kilichochukuliwa. Kwahiyo usilale macho ukipiga hesabu ya milioni 20. Ukitaka kuongeza ongeza, itakuwa zawadi sasa, na hiyo ni zawadi kweli.

Suala la kuwaambia. Hapa wengi wanadhani Kanisa linataka mtu asimame mwaloni ajitangaze mwizi. Hapana. Thoma huyo huyo anasema hakuna anayelazimika kufichua kosa lake kwa watu, unaliungama kwa Mungu kwenye kitubio, na mali unaweza kuirudisha kwa mkono wa padri anayekuungamisha. Kwahiyo nenda kaungame, mwombe muungamishi kama yuko tayari kupeleka bahasha, asitaje jina, mtu apate kilicho chake basi. Mimi binafsi ningependa umwite nahodha nyumbani umwambie, maana huyo mmefanya naye kazi miaka na nadhani anajua zaidi ya unavyofikiri, watu wa ziwani wanajua injini inakula lita ngapi. Ila ni ushauri tu, sikulazimishi.

Kijana aliyefariki, deni lake halikufa naye. Lina warithi, mke, watoto, au mama yake mzazi, watafute hao. Wa Kongo mtafute kweli kweli, kuna maboti yanavuka kila wiki na kuna wenzake hapo mwaloni wanaojua kwao ni wapi, usipige simu mara moja ukasema hapatikani ukapumua. Ukishindwa kabisa baada ya kutafuta kwa bidii, fungu lake wape maskini kwa nia ya wokovu wake. Hapo ndipo sadaka inaingia mahali pa malipo, na kama kigango kina maskini wake vizuri, lakini ni fungu lake huyo tu.

Kama huna milioni 5 mkononi, lipa kidogo kidogo, ila uanze sasa, na usiuze chombo maana ukikiuza hao hao vijana wanakosa kazi. Wanaweza pia kukusamehe sehemu, wao ndio wanaodai na anayedai anaruhusiwa kusamehe. Lakini wajue wanachosamehe, na wasisamehe kwa kuogopa kushushwa kwenye chombo, msamaha wa hivyo mimi siuhesabu.

Na hilo la injini lisipite. Kama matengenezo ni mzigo, una haki kabisa ya kuyaweka mezani, waambie tangu mwezi huu kabla ya kugawana tunatoa elfu kadhaa ya injini, wakubali au wakatae. Gharama yenyewe ni halali. Kuivalisha nguo ya petroli ndo kulikoharibu.

*Padri shikamoo. Nafanya kazi kwenye kinu cha mawese huku Mwandiga, tuliambiwa elfu 10 kwa siku. Jumamosi bosi akatupa elfu 7, shemeji yake aliyekuja mchana akapewa elfu 10. Tulipolalamika akafungua Biblia, Mathayo 20, akatusomea kwamba mali ni yangu nafanya nipendavyo. Tukakosa la kujibu. Hivi kweli Yesu alikuwa upande wa mabosi?*
*Kijana wa kinuni*

Marahaba mwanangu. Mwambie bosi arudi kwenye sura hiyo hiyo, mfano wa mwenye shamba aliyeajiri vibarua saa tofauti za siku moja, asome mistari aliyoiruka. Wale wa alfajiri walipatana dinari moja kwa siku, jioni wakapewa dinari moja, haikupungua hata senti. Wa saa tatu waliambiwa "iliyo haki nitawapa". Na walilipwa siku ile ile jioni, kama Kumbukumbu la Torati 24 inavyoagiza, jua lisichwe kabla maskini hajapata ujira wake. Yule mwenye shamba alilipa kwanza deni la kila mmoja, halafu wa saa kumi na moja akawaongezea kutoka mfukoni mwake. Bosi wako ameongeza kwa shemeji kutoka mfukoni mwenu. Ametumia mfano wa ukarimu kufanya ukarimu kwa elfu tatu tatu zenu, na hiyo kusema kweli imenichekesha kidogo kabla haijaniuma.

Paulo anasema kwa Warumi 4:4 kwamba mtu akifanya kazi ujira wake hauhesabiwi kuwa neema bali kuwa deni, na Yakobo 5 anasema ujira uliozuiwa kwa hila unapiga kelele mpaka kwa Bwana wa majeshi. Katekisimu ya Kanisa inaiweka dhuluma ya mfanyakazi kwenye zile dhambi zinazomlilia Mungu mbinguni, pamoja na damu ya Abeli, namba 1867, ukiwa na nafasi isome.

Kuna jambo moja hukuuliza. Hata angewalipa hizo elfu 10 kamili, Papa Leo wa 13 kwenye barua yake ya mwaka 1891 juu ya wafanyakazi alisema kupatana peke yake hakutoshi, mtu akikubali ujira mdogo usiomlisha kwa sababu tu hana pa kwenda, hapo amelazimishwa, hata kama alitikisa kichwa. Sasa mimi sijui elfu 10 Mwandiga inalisha watu wangapi, we unajua. Nendeni mkamwone pamoja, sio mmoja mmoja, na mwende na mtu mzima anayemheshimu. Mkikosa kabisa, serikali ya kijiji ipo na ofisi ya kazi ipo, Mkristo kudai chake sio kukosa unyenyekevu.

*Padri mi nauza dagaa wakavu kwa sado soko la Mwanga. Kila mtu hapa kopo lake limebonyezwa chini, nisipobonyeza langu sipati faida. Ila mimi kila mteja nampa nyongeza ya kiganja. Ni dhambi?*
*Mchuuzi, Mwanga*

Ndiyo dada, ni dhambi, Mithali 11:1 na Walawi 19:35 hawakuacha nafasi ya kujadili. Bei ni yako, panga unavyoweza, sado elfu fulani na mteja akiona ghali aende kwa jirani, hapo hujamdanganya mtu. Kipimo sio chako. Vilevile dagaa wa jana ukiwachanganya na wa leo, au mchanga umebaki mwingi chini, Thoma anasema kasoro iliyojificha muuzaji anatakiwa aitaje. Najua na nyie mnaibiwa huko nyuma, mkulima anajaziwa lumbesa, lile gunia la kupita kipimo, mvuvi anapunjwa, mchuuzi naye anapunja, lakini yule mama anayenunua sado yako hakukuibia chochote.

Na kile kiganja cha nyongeza, ukipima mwenyewe nyumbani jioni utakuta kopo lililobonyezwa linameza viganja zaidi ya kimoja, kwahiyo unamrudishia mteja dagaa wake mwenyewe na yeye anakushukuru. Nyoosha kopo, pandisha bei kidogo, nyongeza toa ukipenda. Wateja wa zamani usiowajua huwezi kuwatafuta soko zima, kadiria kiasi uwape wenye njaa, na wale wa kila siku unaowajua kwa sura jazia sado zao mpaka utakapoona mmelingana.