Makumbi ya nazi na mafuta ya gari

SWALI: Ndugu Mhariri, assalaam alaykum. Huku kwetu Wete makumbi mengi ya nazi huchomwa moto au huoza chini ya minazi. Je, yanaweza kugeuzwa mafuta ya gari? — Msomaji, Pemba

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yetu. Yanaweza, ila si kwa njia ya molasi ya miwa, ambayo sukari yake iko wazi na hamira huigeuza kuwa ethanoli, yaani pombe inayoweza kuendesha gari, bila taabu kubwa. Sukari ya makumbi imefungwa ndani ya selulosi, yaani nyuzi zinazojenga mwili wa mmea, nayo selulosi imeshikwa na lignini, kitu kigumu ambacho hamira haikiwezi kabisa na ambacho makumbi yanacho kwa wingi kuliko mabua ya mahindi. Kwa hiyo naona inafaa zaidi kuyapasha moto mkali, zaidi ya nyuzi 700 za Selsiasi, katika hewa haba, hata yawe gesi ya haidrojeni na monoksidi ya kaboni; gesi hiyo ikishasafishwa hupitishwa kwenye kichocheo (kitu kinachoharakisha mabadiliko ya kikemia bila chenyewe kuisha) cha chuma au madini ya kobalti, ikatoka dizeli. Wajerumani Franz Fischer na Hans Tropsch waligundua hatua hiyo ya mwisho katika miaka ya 1920.

Uzito uko kwenye gharama. Mtambo mdogo haulipi, na makumbi ni mepesi lakini hujaza gari upesi, hivyo kuyakusanya kisiwa kizima kungekula mafuta mengi. Yale yanayofukiwa pwani ili kupata usumba wa kusokotea kamba yasiguswe, kwani tayari yanawapa watu riziki.