Wanafunzi wanakopi anime tu? Wape michoro ya watoto wa chekechea

Mkuu mleta uzi, umesema wanafunzi wako wa uchoraji wa kidijitali kila ukiwapa kazi wanakuletea nyuso za anime (zile katuni za Kijapani) walizokopi mtandaoni, unauliza uwape zoezi gani. Mimi nafundisha kozi fupi hapa Dar na zoezi ambalo halijawahi kuniangusha ni hili: kila mmoja atafute mchoro wa mtoto wa miaka minne mpaka saba hivi, ule wa kalamu za rangi, mnyama au zimwi au chochote, alafu aufanye kazi kamili. Sio kuupamba. Yaani yule kiumbe aonekane ana uzito, ana ngozi, jua linampiga upande mmoja na kivuli kiko chini.

Uzuri wake ni kwamba hamna pa kukopi. Nenda katafute picha ya mjusi mwenye miguu tisa na mlango tumboni uone kama utaipata. Inabidi mtu akae afikirie.

Wazo sio langu. Kuna mchoraji Mmarekani, Dave DeVries, alianza haya mambo mwishoni mwa miaka ya 90 baada ya kuvutiwa na mchoro wa mpwa wake, yeye alikuwa anaurusha mchoro wa mtoto kwa projekta, anafuata kila mstari ulivyo, ndo anapaka rangi mpaka kinakuwa kama kitu cha kweli. Alafu kuna Monster Project ya kule Texas, wao wanawapa wachoraji michoro ya wanafunzi wa shule ya msingi na kila mchoraji anaigeuza kwa staili yake. Kwa wanaoanza mimi natumia njia ya DeVries, mstari wa mtoto hausogezwi. Ukianza na uhuru, yule mvivu atachukua rangi tu za mchoro na anime yake itarudi kwa mlango wa nyuma.

Na hapo kwenye kutosogeza mstari ndo vita vyote viko, jiandae. Jicho moja kubwa kuliko lingine, liache. Mikono inatoka kichwani, iache, usimtafutie mabega. Mtoto hachori anachokiona, anachora anachokijua, Mfaransa Georges-Henri Luquet alishaeleza hili tangu 1927, ndo maana unakuta nyumba ina kuta lakini watu waliokaa ndani wanaonekana, au chakula kinaonekana tumboni. Mwanafunzi akiona hivyo anataka kurekebisha. Mwambie asirekebishe, ajibu swali: kama tumbo linaonekana ndani, limeumbwa na nini? Kioo? Au ngozi nyembamba kama ya mjusi kafiri akikaa karibu na taa? Ukishapata jibu tayari unajua mwanga utapitaje na rangi itakuwaje. Darasa zima la mwanga na matirio umelimaliza kwa tumbo moja.

Pia lazima aongee na mtoto mwenyewe kama anapatikana. Asimuulize "hiki ni nini", wengine wananuna. Amuulize anakula nini, analala wapi, anamwogopa nani. Kuna dada mmoja alileta mchoro ambao darasa zima tulisema ni nungunungu, kumbe mtoto alichora bajaji imenyeshewa, ile miiba ni mvua! Basi kazi ikageuka yote, badala ya manyoya akawa anahangaika na bati lililolowa na turubai linalovuja, na ikatoka kali kuliko zote.

Mambo ya kiufundi kifupi. Mchoro upigwe picha nje kivulini, bila flashi, simu iwe sambamba na karatasi. A4 kwa 300 dpi (nukta kwa kila inchi) ni pikseli 2480 kwa 3508, simu yenye uwezo mdogo itakugomea leya (yale matabaka ya kuchorea yanayokaa moja juu ya jingine) mapema kwahiyo kwa mazoezi nusu yake inatosha. Programu ya kuchorea, Krita ni bure kwenye kompyuta, wenye simu tu watumie ibisPaint. Mchoro wa mtoto ukae leya ya juu kabisa kwenye modi ya maltiplai, weupe wa karatasi unapotea inabaki mistari, alafu unapaka chini yake. Waanze na kijivu tupu, rangi baadaye. Na wanaotumia Krita waambie kile kitufe cha alama ya alfa (α) kwenye leya kinabana rangi ndani ya umbo pale tu leya zikiwa kwenye grupu lake, vinginevyo mandhari ya nyuma inaharibu kila kitu na watakuja kulalamika programu mbovu.

Watakuwepo wanaosema hizi kazi za kitoto. Hao mimi nawaonyesha michoro ya mashetani ya marehemu George Lilanga, msanii wetu wa Tanzania, masikio makubwa, matumbo, midomo, anatomia hakuna kabisa, na dunia nzima inamjua. Huwa wanatulia.

Kitu ambacho vyuo vingi wanakiruka ni ruhusa. Mchoro ni wa aliyeuchora hata kama ana miaka mitano, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 haijasema mpaka uwe mtu mzima. Kwahiyo mzazi asaini karatasi, na mkipost mtandaoni msiweke jina la mtoto wala shule, andikeni umri tu. Na mtoto apelekewe kopi iliyoprintiwa, tena muangalie anavyoipokea, maana hawa hawana uongo. Akisema "sio yeye huyu" mwanafunzi anarudi mezani. Mimi naweka kabisa alama za hilo, nyingi kuliko za usafi wa mistari.

Peni tableti (vibao vya kuchorea kwa kalamu vinavyochomekwa kwenye kompyuta) zisikusumbue kichwa kama chuo hakina. Kwa kazi ya mwanzo, ya kijivu, mausi inatosha, wakifika kwenye manyoya na magamba ndo utaona nani wa kumwazima ya kwako.