Seli shina na kansa ya mfupa
Dada umeuliza kama seli shina za kwenye uboho, yaani seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine, zinaweza kuisaidia kansa ya mfupa ikue, ndiyo zinaweza, na inasikitisha kwa kweli. Chukua osteosakoma, ile kansa ya mfupa inayowapata sana vijana wanaokua, mara nyingi karibu na goti, seli za kansa zinatoa vifuko vidogo sana vyenye TGF-beta, protini ya kupeleka ujumbe kati ya seli, seli shina zikivipokea zinaanza kumwaga intaliukini-6, protini nyingine ya ujumbe, nayo inarudi kwenye kansa na kuwasha swichi ndani ya seli zake inaitwa STAT3, basi seli za kansa zinagawanyika, hazifi kirahisi na zinapata nguvu ya kuhamia mapafuni, maana huko ndo inakosambaa zaidi. Kijana akilalamika goti limevimba na linauma usiku wiki kadhaa msiishie kumkanda jamani, apigwe eksirei.