Mwisho wa Friends unaridhisha
Je, mwisho wa Friends, kile kichekesho cha televisheni cha Marekani kuhusu marafiki sita, unaridhisha? Ndiyo, unaridhisha, kwa sababu furaha yake ilitayarishwa tangu sehemu ya kwanza. Mwaka 1994 Rachel, mmoja wa hao sita, anaingia mkahawani na gauni la harusi, kamtoroka bwana harusi. Mei 2004 anashuka kwenye ndege ya kwenda Paris, alikopata kazi, abaki na Ross, rafiki waliyekuwa wakipendana na kuachana. Vuta nikuvute ya miaka 10 inaishia hapo. Ila kwangu kinachochoma zaidi ni wale sita kuacha funguo kwenye kaunta, nyumba tupu. Nimeirudia mara tatu na bado koo linakaba, eti kichekesho! Dosari ni moja: ile kazi nzuri ya Paris, hatuambiwi Rachel anaishi vipi na kuikosa. Hapo waandishi walikwepa.